Televizyo kwenye kiti cha ndege: njo inavuta wasafiri, ao ni bei na kilo?

Picha ni ileile kila mara. Kiti kizuri, mtoto anacheka, na mbele yake ekra, ile televizyo ndogo iliyo nyuma ya kiti cha mwenzake, inaonyesha katuni. Kampuni kubwa za ndege zinapenda sana kujitangaza kwa picha hiyo. Wakaaji wa mashariki mwa Kongo wanaiona zaidi sasa kuliko zamani, juu njia zao za kwenda mbali zimebadilika. Uwanja wa Goma ulifungwa kwa ndege za abiria mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati M23 ilipoingia mjini. Ule wa Kavumu, karibu na Bukavu, ulifuata katikati ya mwezi wa pili. Tangu hapo, msafiri wa Goma anavuka Grande Barrière kwa kwenda Kigali, wa Bukavu anapita Ruzizi, wa Uvira anatafuta ndege Bujumbura, na wa Butembo ao Beni anashukia Kasindi kwa kufika Entebbe.

Na huko anakofika, hakuti kampuni moja inayomwambia «panda ao baki». Anakuta nyingi. Entebbe peke yake kuna Ethiopian, Kenya Airways, Emirates, Qatar Airways, Turkish na zingine. Kwa mara ya kwanza, watu wengi wa mashariki wana nafasi ya kuchagua, na kila kampuni inataka ichaguliwe. Tiketi ya kwenda Dubai ao Guangzhou si makuta kidogo: kuna familia inauza ngombe, kuna mama mchuruzi anachukua pesa ya likelemba. Ndiyo maana inafaa kujua ni nini hasa mtu analipia, na kama ile televizyo inahesabika.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1921, kampuni ya Aeromarine ilionyesha filme fupi kwa abiria waliokuwa wakizunguka juu ya mji wa Chicago. Mwaka 1961, TWA ya Marekani ilianza kuonyesha filme kwa ukawaida, lakini kwa watu wa daraja la kwanza tu. Kwa muda mrefu ndege nzima ilikuwa na ekra moja ao mbili, zinaning'inia mbele, na yule aliyeketi nyuma ya mtu mrefu hakuona kitu. Mambo yaligeuka mwaka 1988, Northwest ilipojaribu ekra ya kila kiti ndani ya Boeing 747, kisha mwanzo wa miaka ya 1990, Virgin Atlantic na Emirates zilipoanza kuiweka hata kwa abiria wa bei ya chini. Tangu hapo ikawa vita: filme ngapi, luga ngapi, ekra ya ukubwa gani. Emirates imeshinda zawadi za Skytrax za upande huo mara nyingi, na haichoki kuyasema.

Je, vita hiyo imeleta wasafiri? Kwa kupima jambo hili, mfano mzuri uko Marekani, juu huko kampuni kubwa zilichukua njia tofauti mbele ya macho ya watu wote.

Kampuni ya JetBlue ilianza kuruka kutoka New York mwezi wa 2 mwaka 2000. Mwanzilishi wake, David Neeleman, alitaka kuuza tiketi rahisi bila kumfanya msafiri ajisikie maskini. Aliweka viti vya ngozi, na mwaka huohuo wa kwanza ekra ya kila kiti ikaanza kuonyesha televizyo ya moja kwa moja kwa njia ya satelite: habari, mupira, vyote. Wamarekani walipenda. Mwaka 2005 lilitokea jambo ambalo hakuna mtu wa matangazo angeweza kulitunga: gurudumu la mbele la ndege ya JetBlue lilikwama likiwa limepinda, ndege ikazunguka masaa ikichoma mafuta kabla ya kutua Los Angeles, na abiria wakawa wanajitazama wenyewe kwenye habari, kila mtu mbele ya kiti chake, waandishi wakijadiliana kama watapona. Walitua salama wote.

Watu wengi walisema JetBlue ilikua juu ya televizyo. Lakini ukiangalia vizuri, kampuni hiyo ilikuwa na ndege mpya kabisa, bei ya chini, na mji mkubwa ambamo watu walikuwa wamechoka na kampuni za zamani. Ondoa ekra, abiria wangekuja bado. Ondoa bei, ekra peke yake ingeimba ndani ya ndege tupu. Faida ya wazi ilipatikana mahali pengine: mwaka 2002 JetBlue ilinunua kampuni iliyokuwa ikitengeneza ekra hizo, LiveTV, na mwaka 2014 ikaiuza kwa Thales ya Ufaransa karibu dola milioni 400. Yaani biashara ya ekra ililipa vizuri kwa yule anayeziuza kwa kampuni za ndege. Hilo halisemi bado kama inamlipa yule anayezinunua.

Mwezi wa kwanza 2017, American Airlines iliamua kinyume. Ilitangaza kwamba ndege zake mpya za Boeing 737 MAX hazitakuwa na ekra nyuma ya viti, kwani zaidi ya asilimia 90 ya abiria wanaingia na telefone ao tableti yao. Filme zingepita kwa Wi-Fi ya ndani ya ndege, kila mtu atazame kwenye chombo chake. Hesabu ilikuwa rahisi: ekra ni ya bei kali, inavunjika, inahitaji waya na mafundi, na kila kilo inayopanda inakula mafuta. Delta haikufuata, ilibakiza ekra zake. United nayo, mwaka 2021, ilipoagiza ndege mpya 270, ilisema zote zitakuwa na ekra kwenye kila kiti, na zile za zamani za aina hiyo zitarekebishwa.

Sasa matokeo. American haikukimbiwa, imebaki kati ya kampuni kubwa kabisa za dunia kwa hesabu ya abiria. Lakini Delta, yenye ekra, imeendelea kupata faida kubwa kuishinda. Wapenda ekra wanashika hapo: «Munaona?» Wasiende mbio. Delta inajulikana pia kwa kufika saa yake na kwa kuwa na wasafiri wa makampuni, wale ambao tiketi yao inalipwa na boss. Mtu wa namna hiyo hatoi makuta yake mwenyewe, basi anaweza kuchagua kwa starehe. Ni ekra iliyomleta, ao ni yule msafiri wa starehe aliyeifanya kampuni iweke ekra? Hesabu za mwisho wa mwaka hazitenganishi hayo mawili.

Upande wa Ulaya kuna jibu la ukali zaidi. Ryanair, ya Ireland, haina ekra, haina filme, haina hata mfuko wa kutia gazeti nyuma ya kiti. Mwaka 2004 ilijaribu kukodisha mashini ndogo za kutazamia filme. Abiria hawakutaka kulipa, na jaribio likafa haraka. Katika mwaka wake wa hesabu ulioishia mwezi wa 3 mwaka 2024, kampuni hiyo ilibeba abiria zaidi ya milioni 180, wengi kupita kampuni nyingine yoyote ya Ulaya. Watu wanaitukana, kisha wanarudia kununua tiketi yake. Kwa safari ya saa moja na nusu, tofauti ya dola 40 inashinda filme yoyote.

Hapa ndipo masafa yanaingia, na ndipo mazungumzo mengi juu ya ekra yanapotea njia. Watu wanachanganya safari za namna mbili. Ndege ndogo kati ya Bunia na Beni haimalizi hata saa moja. Dirisha linatosha, na wengi wanasali ao kulala. Kutoka Entebbe mpaka Dubai ni kama masaa tano. Kutoka Addis-Abeba mpaka Guangzhou inapita masaa kumi. Kwa mtu mwenye mtoto wa miaka mitatu mapajani, hayo masaa kumi bila katuni si mchezo, na majirani wake wa viti wanajua hivyo kuliko yeye. Katika safari kama hizo, kampuni zote zinazoshindana zina ekra. Na kitu ambacho kila mtu anacho hakiwezi tena kumvuta mteja. Kinabaki kumfukuza tu pale kinapokosekana ao kinapokufa. Msafiri aliyepewa ekra iliyokufa kwa masaa kumi anaiongelea kijiji kizima. Yule ambaye yake ilifanya kazi hata haitaji.

Kwa hiyo ekra haiuzi tiketi ya kwanza. Inaweza kusaidia kuuza ya pili, kwa yule mwenye uwezo wa kuchagua. Na wasafiri wengi wa mashariki, ukisikiliza maswali yanayoulizwa kwenye ajensi, wanachagua kwa mambo mengine kabisa. «Papa, ya Guangzhou iko bei gani?» «Mama, unataka ya kupitia wapi?» «Ile ya bei ndogo. Lakini wananipa kilo ngapi?» Baada ya hapo ni viza ya kupitia njiani, ni masaa ya kungoja kati ya ndege na ndege, ni kama tarehe ya kurudi inaweza kubadilishwa bila adhabu, kwani mzigo ukichelewa kiwandani mchuruzi hawezi kuuacha. Tiketi inayoruhusu masanduku mawili ya kilo 23 ni kitu kingine mbele ya ile inayoruhusu moja. Kwa mwenye kuleta nguo ao piyese za simu, lile sanduku la pili ndilo linalipa sehemu ya safari. Hakuna filme inayofikia bei hiyo.

Kuna pia jambo la luga, ambalo kampuni hazilifikirii sana. Mashini inaweza kuwa na filme elfu, lakini nyingi ni za Kiingereza, Kiarabu, Kichina, Kihindi, na kiasi fulani za Kifaransa. Mama anayesikia Kinande na Kiswahili anabaki na ramani, ile picha ya ndege ndogo inayotembea juu ya dunia, na si vibaya: anaona Nile, anaona bahari, anajua zimebaki saa ngapi. Vijana nao wanajipanga mapema. Kabla ya safari wanapita kwa wale wanaojaza filme kwenye kadi memori kwa franka kidogo, wanapanda na ekuteri zao na bateri ya akiba. American ilipoongelea telefone za abiria mwaka 2017, ilikuwa inasema kitu ambacho msafiri wa Butembo alikuwa akikifanya bila kuandikiwa barua.

Lakini ekra inafanya kazi nyingine ya kimyakimya, na hiyo ndiyo inaomba uangalifu. Inasema: ndege hii ni mpya, kampuni hii ni tajiri, hapa uko salama. Msafiri hawezi kuingia kwenye motere wala kusoma karatasi za mafundi. Anapima kile anachokiona: kiti, harufu, tabasamu ya wahudumu, televizyo. Mara nyingi kipimo hicho kinakaribia ukweli, kwani kampuni inayonunua ndege mpya huwa na pesa ya kuzitunza. Lakini si kanuni.

Mfano wa kusikitisha ni wa Swissair, kampuni ya Uswisi iliyoheshimiwa kama benki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iliweka katika ndege zake kubwa mtambo mpya wa starehe, kwanza kwa abiria wa madaraja ya juu, wenye filme na hata michezo ya kamari. Usiku wa tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka 1998, ndege yake namba 111 iliyotoka New York kwenda Geneva ilishika moto kwenye dari, nyuma ya chumba cha marubani, ikaanguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada. Watu 229 walikufa. Wachunguzi wa Kanada walifanya kazi miaka zaidi ya minne. Waliona kwamba moto ulianza, kwa uwezekano mkubwa, kwa cheche za umeme kutoka waya uliochubuka, na kwamba kati ya waya zilizokutwa na alama za cheche kulikuwa waya za ule mtambo wa starehe. Hawakuweza kuhakikisha kama hapo ndipo cheche ya kwanza ilipotoka. Kitambaa cha kuzuia baridi kilichofunikwa ndani ya dari kilichukua moto kwa urahisi, na vitambaa vya aina hiyo viliamriwa kuondolewa baadaye. Swissair yenyewe ilizima mitambo hiyo wiki chache tu baada ya ajali. Abiria walikuwa wamepewa kitu cha kuwavuta. Waya zake zilipita mahali ambapo hakuna msafiri anayetazama.

Mashariki mwa Kongo hakuna haja ya kwenda Kanada kwa kuelewa hilo. Tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kupaa Goma, ikapita mwisho wa uwanja na kuingia katika Birere, ikiua watu karibu 40, wengi wao wakiwa chini kwenye nyumba na maduka yao. Uwanja wenyewe ulikuwa umekatwa na lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 2019, ndege ndogo ya Busy Bee ilianguka juu ya nyumba za Mapendo punde tu baada ya kuruka. Kati ya ajali hizo kuna zingine, Kisangani 2011, Goma tena 2013. Tangu mwezi wa 3 mwaka 2006, Umoja wa Ulaya ulipotoa kwa mara ya kwanza orodha yake ya kampuni zisizoruhusiwa kuruka kwenye anga lake, zile zinazopata kibali kwa wakubwa wa Kongo zimewekwa humo karibu zote. Sababu inayotolewa inagusa serikali kwanza: uwezo wa kukagua, wa kufuata mafundi, wa kusimamisha ndege isiyofaa.

Ndiyo maana majadiliano ya kuvuta wasafiri, yakiletwa kwa kampuni za ndani, yanakuwa na sura nyingine. Air Congo, iliyozinduliwa mwezi wa 12 mwaka 2024, serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian Airlines 49, ilianza na Boeing 737. Abiria wengi waliifurahia, na kilichosemwa sana si starehe. Ni kwamba nyuma yake kuna Ethiopian, yenye mafundi wake na chuo chake cha marubani Addis-Abeba. Hiyo ni faida ya soko iliyo kubwa kushinda ekra mia, na inaweza kupotea pia kwa haraka: ndege ikifutwa mara tatu bila maelezo, jina la mshirika halimlishi tena mtu aliyelala Bangboka na mizigo yake.

Kampuni ya ndani yenye dola laki moja ya kutumia iko na mahali pengi pa kuziweka kabla ya televizyo. Piyese za akiba, ili ndege isilale siku nne ikingoja kitu kutoka nje. Ndege ya pili ya kusaidia. Mizani isiyobishana na abiria. Mtu wa kupiga telefone asubuhi na kusema «safari imesogezwa saa nane», hata hilo tu. Bei yenyewe haiko yote mikononi mwa kampuni, juu mafuta ya ndege mashariki ni ya bei kali, na Go-Pass na kodi zingine zinaongezwa juu ya tiketi. Lakini kusema ukweli kwa msafiri hakulipiwi kodi.

Kwa kampuni za masafa marefu, ushindani umekwisha kuhama. Qatar Airways ilianza mwezi wa 10 mwaka 2024 kutoa intaneti ya Starlink bure katika ndege zake kadhaa za Boeing 777, na United ilitia sahihi mkataba na Starlink mwaka huohuo. Mchuruzi atakayeweza kuandikia kiwanda chake WhatsApp akiwa juu ya bahari ya Hindi ataona faida ambayo filme haikumpa kamwe. Hapo kuna uwezekano kwamba kitu cha ndani ya ndege kitaanza kweli kuhesabika wakati wa kununua tiketi, kwani kinagusa kazi.

Kwa yule anayepanga safari sasa, orodha ya Umoja wa Ulaya inasomeka bure kwenye intaneti, na inarekebishwa mara kwa mara. Inataja kampuni kwa jina, inchi kwa inchi. Ajensi nzuri inakubali pia kusema ni ndege ya kampuni gani itakayobeba msafiri kwenye kila kipande cha safari, kwani tiketi moja inaweza kuuzwa na kampuni hii na kuruka na ile. Swali hilo linaulizwa kabla ya kulipa, pamoja na lile la kilo.